Goti, Bamia na Picha ya Eksirei: Barua za Wasomaji

Barua za mwezi huu zimetoka Moshi na Arusha, zote ni za goti, na kadhaa zinataja picha ya eksirei. Tumezifupisha na kuondoa majina.

*Daktari, habari za kazi. Nina miaka 58, nauza ndizi soko la Mbuyuni, nyumbani ni Kibosho. Magoti yote mawili yananiuma, huu mwaka wa tatu. Asubuhi yanakaza kidogo, nikishafika barabarani yamelainika, ila jioni yanawaka moto. Nilipigwa picha nikaambiwa mafuta ya goti yameisha, mifupa inasagana. Nakunywa maji ya bamia kila asubuhi, na supu ya kongoro Jumamosi. Dukani nanunua diklofenaki, kidonge asubuhi na kidonge jioni, tangu Pasaka. Nina presha, natumia lisinoprili pamoja na ile dawa ya kukojoza. Uzito wangu kilo 92. Nifanyeje, au ndiyo nibadilishiwe magoti?*

Shikamoo mama. Tuanze na diklofenaki, maana hiyo haiwezi kusubiri. Iache leo. Dawa za presha usiziache.

Wewe ni mtu wa Kibosho, mfereji unaujua. Maji yakitoka juu yamepungua, kisha mtu akabana mlango wa kuingilia shambani, na mwingine akaachia wazi mlango wa kutokea, migomba haipati kitu. Figo yako iko hivyo. Dawa ya kukojoza inapunguza maji ya mwilini. Diklofenaki inabana mshipa unaopeleka damu kwenye chujio la figo. Lisinoprili inaulegeza mshipa unaotoa damu hiyo. Kila moja peke yake figo inaweza kuistahimili, lakini tatu kwa pamoja, kwa miezi, na siku ukiharisha au ukishinda juani bila maji, figo inaweza kugoma bila kukupa maumivu yoyote. Nenda kituo cha afya wiki hii upimwe presha, na damu ipimwe kreatinini na potasiamu, zinazoonyesha hali ya figo. Diklofenaki hupandisha presha pia, kwa hiyo usishangae ikiwa tangu Pasaka wamekuwa wakikuongezea dozi. Na ukiona choo cheusi kama lami, hiyo ni damu ya tumboni. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa mafuta. Ndani ya goti kuna ute, na ute huo hauishi kama mafuta ya taa kwenye kibatari. Goti lililochakaa mara nyingi huwa na ute mwingi kuliko la kawaida, ndiyo maana linavimba. Kinachopungua ni gegedu, ile ngozi nyeupe inayoteleza kwenye ncha za mifupa, na pamoja nayo hubadilika mfupa wa chini yake na utando unaolizunguka goti. Utelezi wa bamia ukifika tumboni unachakatwa kama chakula kingine, hauna njia ya kwenda gotini. Bamia ni mboga nzuri, endelea nayo kwenye sahani. Kongoro, kwa mtu wa kilo 92, tungelipunguza kwa sababu ya mafuta yake yanayoelea juu ya bakuli.

Picha yako hatujaiona na wala hatuihitaji ili kukujibu. Mtu wa miaka 45 kwenda juu, goti linauma akilitumia, na asubuhi halikazi au linakaza chini ya nusu saa: huo ni uchakavu wa goti, na maelezo hayo pamoja na kulishika goti yanatosha. Kuna watu wenye picha za kutisha wanaopanda ngazi bila kulalamika, na wenye picha safi wanaochechemea. Kama ungetuambia magoti yanakaza zaidi ya saa nzima na viungo vya vidole vimevimba, tungezungumza kuhusu baridi yabisi na kukutuma kupimwa damu. Hukusema hivyo.

Dawa kuu ya goti lako ni msuli wa mbele ya paja. Huo ndio unaopokea uzito kabla haujafika kwenye gegedu, na ukiumwa goti kwa miaka mitatu lazima msuli huo umekonda. Chukua kiti kisichoyumba, kiegemeze ukutani. Kaa, nyayo zote chini, upana wa mabega. Inama mbele mpaka kifua kije juu ya magoti, simama bila kujivuta kwa mikono, kisha rudi chini polepole ukihesabu tatu. Hiyo ya kurudi ndiyo yenye kazi, ukijibwaga umeipoteza. Mara 8, pumzika dakika mbili, rudia hadi mizunguko 3. Ukishindwa kabisa, weka mto mgumu kwenye kiti ukiinue, na kila baada ya wiki mbili tatu tafuta mto mwembamba zaidi. Zoezi la pili: lala chali, mguu mmoja umeukunja, mwingine umeunyoosha. Kaza paja la mguu ulionyooka mpaka uone pia ya goti ikivutwa juu, ndipo uuinue kama sentimita 30 na kuhesabu tano. Mara 10, mizunguko 3, kila mguu. Wengi huinua mguu huku goti limelegea na kupinda, hapo kazi yote inakwenda nyonga na paja halipati kitu. Siku tatu kwa wiki, zisifuatane.

Litauma. Maumivu ya kawaida wakati wa zoezi yanaruhusiwa, mradi kufikia kesho yake asubuhi yawe yamerudi yalipokuwa. Yakizidi mpaka kesho, punguza idadi, usiache. Watu wengi huacha wiki ya pili, goti linapolalamika zaidi, na faida yenyewe huonekana kati ya wiki ya 6 na ya 12.

Uzito: kila kilo moja unayopunguza inaliondolea goti mzigo wa karibu kilo nne katika kila hatua. Kupunguza kilo 5 mtu unazisikia kwenye ngazi. Anza na sukari ya chai, maana vijiko vitatu kwa vikombe vinne ni vijiko kumi na viwili vya sukari kwa siku kabla hujala kitu. Mkungu wa kichwani nao goti linauhesabu. Mpe kijana wa toroli.

Jikoni, kigoda kifupi na mafiga matatu ni adui yako wa kila siku, kwa sababu goti linakunjwa hadi mwisho kisha linaamka na uzito wote. Pandisha jiko kwenye meza ya matofali uwe unapika umesimama. Chooni, kama ni cha kuchuchumaa, fundi seremala atakutengenezea kiti chenye tundu kwa pesa isiyofika ya picha ya pili ya eksirei. Fimbo ishike mkono wa *upande wa pili* wa goti linalouma zaidi, na kichwa chake kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono ukiwa umesimama mikono imening'inia. Karibu kila mtu tunayemwona barabarani ameishika upande usio wake.

Kwa maumivu, jeli ya diklofenaki ya kupaka ni tofauti na kidonge, kwa kuwa inayoingia kwenye damu ni kidogo sana. Mwulize daktari wako kwanza, ukishapata majibu ya figo. Kipimo chake ni gramu 2 hadi 4 kwa goti, mara 3 au 4 kwa siku, kwa wiki mbili au tatu, yaani kama sentimita 6 hadi 11 ya dawa iliyokamuliwa. Wanaosema haifanyi kazi mara nyingi wamepaka tone la ukubwa wa punje ya hindi. Parasetamoli haina nguvu sana kwenye goti la aina hii, ila siku mbaya unaweza kumeza vidonge viwili vya miligramu 500, visizidi vinane kwa saa 24. Sindano ya steroidi ndani ya goti hutuliza kwa wiki kadhaa. Inafaa mtu aliyeshikwa vibaya ili aweze kuanza mazoezi, lakini ikirudiwa mara kwa mara inamaliza gegedu, na mwenye sukari itampanda siku kadhaa. Usichomwe dukani.

Kubadilisha goti ni operesheni nzuri kwa anayestahili: aliyefanya mazoezi miezi kadhaa kwa kweli, akapunguza uzito, na bado hapati usingizi wala hafiki sokoni. Wewe bado hujaanza.

*Ndugu wahariri, mimi ni tabibu wa zahanati moja wilaya ya Meru. Sina eksirei, sina maabara ya maana. Wagonjwa wa goti ni wengi, najikuta nawaandikia ibuprofeni wote. Goti linachunguzwaje kwa mikono mitupu, na nani nimtume mbele?*

Mikono mitupu inatosha kwa sehemu kubwa ya kazi hii. Shida huwa ni suruali. Mgonjwa amekunja nguo hadi chini kidogo ya goti, nawe unalishika goti kupitia khanga. Miguu yote miwili iwe wazi hadi nusu ya paja, maana goti lisiloumwa ndilo kipimo chako cha kulinganishia.

Kabla hujagusa, uliza matano. Lilianza lini, na kwa tukio gani? Lilivimba, na kwa haraka gani? Uvimbe ndani ya saa mbili baada ya kujipinda mara nyingi ni damu, na unakutaka ufikirie kano ya mbele (ile ya ndani ya goti inayozuia ugoko kwenda mbele) au mfupa uliovunjika. Uvimbe wa kesho yake ni ute, hapo fikiria meniskasi, kile kipande cha gegedu kilicho kati ya mifupa ya goti. Je, goti *linanasa*? Hapa watu wanachanganya. Kunasa kwa kweli ni kushindwa kulinyoosha mpaka ulizungushezungushe likubali; kukaza kwa sababu ya maumivu ni jambo jingine. Na je, linamtupa akitembea, yaani linalegea ghafla? La mwisho, homa, kupungua uzito, kikohozi, kuamshwa usiku.

Kisha mwangalie akitembea na akichuchumaa kadiri awezavyo. Mlaze. Kutafuta maji kidogo ndani ya goti: chini kidogo ya pia, upande wa ndani, kuna kishimo. Futa kwa kiganja kutoka kwenye kishimo hicho kupanda juu ya paja, mara mbili tatu, ukikiondolea maji. Sasa piga mfuto mmoja upande wa *nje*, kutoka juu kwenda chini, macho yakiwa kwenye kishimo. Kikijaa taratibu kama povu la sabuni, kuna maji. Taa iwe ya pembeni. Ikimulika moja kwa moja hutaona kitu. Maji yakiwa mengi kipimo hiki hakionyeshi, kwa sababu hakuna pa kuyasukuma. Hapo bana juu ya pia kwa mkono mmoja na igonge pia kwa vidole vya mkono mwingine, utaisikia ikizama na kugota.

Kunja goti nyuzi 90 na upite kwa kidole gumba kwenye mstari wa kiungo, ndani na nje. Maumivu ya nukta moja pale, kwa kijana aliyejipinda, yanaelekeza kwenye meniskasi. Kwa mama wa miaka 60 ni uchakavu, na hata akipigwa MRI, picha ya sumaku, ikaonyesha meniskasi imechanika, watu wengi wa umri huo wanayo michaniko bila kuumwa. Kwa kano ya mbele, kunja nyuzi 20 hadi 30, shika paja kwa mkono mmoja, mwingine uvute ugoko mbele. Linganisha na mguu usioumwa, na sikiliza mwisho wake: kano nzima inakwama ghafla kama kamba iliyovutwa, iliyokatika haina mwisho. Mwambie ainue mguu ulionyooka. Akishindwa kabisa baada ya kuanguka, kano ya juu au ya chini ya pia imekatika, au pia yenyewe imevunjika. Huyo aende kwa daktari wa mifupa ndani ya siku chache, akichelewa kano inajikunja na kushona inakuwa kazi.

Na zungusha nyonga kila mara. Dakika moja tu. Goti linaazima maumivu ya nyonga, na mtoto wa miaka 12 mnene anayesema goti linauma huku goti likiwa safi anaweza kuwa ana kichwa cha mfupa wa paja kinachoteleza kutoka mahali pake. Huyo asitembee tena, abebwe hadi hospitali siku hiyo.

Wa kutuma leo, bila kusubiri kesho: goti moja la moto, limevimba, haliwezi kusogezwa hata kidogo, awe na homa au asiwe nayo. Usaha ndani ya goti unakula gegedu kwa siku chache. Mtoto mdogo aliyekataa kukanyaga, mwenye selimundu, mwenye sukari, mwenye VVU, aliyechomwa sindano gotini wiki iliyopita: hao wote macho mawili. Usiwaanzishe antibayotiki ya vidonge "wakati anasubiri gari". Maji ya goti yavutwe kwanza yapimwe na kuoteshwa, la sivyo hospitali itashindwa kumjua mdudu. Hali ikiwa mbaya, ametetemeka, presha imeshuka na safari ni ndefu, piga simu unakompeleka mkubaliane kuanza dawa ya mshipa.

Wa wiki hii: goti moja lililovimba polepole kwa miezi, paja limekonda, maumivu si makali. Kifua kikuu hukaa gotini hivyo, na mwenye nacho huenda hakohoi. Kwa wafugaji wa huko kwenu wanaokunywa maziwa mabichi, ongeza brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo, kwenye orodha, hasa wakiwa na homa zinazokuja na kuondoka.

Ibuprofeni kwa wote? Hapana. Kabla ya kuandika uliza vidonda vya tumbo, figo, moyo, mimba na dawa za presha. Soma jibu la mama wa Kibosho.

*Mambo vipi daktari. Sisi wagumu, wapagazi wa Mlima Kilimanjaro, tuna tatizo moja. Kupanda sina shida, hata na mzigo. Kushuka kwa njia ya Mweka ndipo goti linauma hapa mbele, nyuma ya pia, kama kuna mchanga. Hata kwenye kifodi, daladala ndogo, nikikaa muda mrefu linauma. Halivimbi. Nina miaka 26. Nimeshapigwa picha mbili, zote safi.*

Poa kijana. Picha ya tatu nayo itakuwa safi. Haya ni maumivu ya pia ya goti na mtaro wake, na kushuka ndiko kunakoyatoa kwa sababu moja: ukipanda, msuli wa paja unajikunja ukifanya kazi; ukishuka unafanya kazi huku ukirefuka, kama mtu anayeachia kamba ya ndoo kisimani kidogo kidogo. Kila hatua pia inabanwa kwenye mtaro wake. Kutoka kambi ya Barafu hadi geti la Mweka ni kama mita 3,000 za kushuka, na wewe una mzigo mgongoni na kichwani.

Goti lako halijaharibika. Limezidiwa, na nyonga yako huenda ni dhaifu. Simama kwa mguu unaouma mbele ya kioo, chuchumaa kidogo. Goti likikimbilia ndani kuelekea mguu mwingine, umeona tatizo. Zoezi: simama kwenye ngazi ya sentimita 15 hadi 20, mguu unaouma juu, shusha kisigino cha mguu mwingine kiguse chini kwa kuhesabu nne, rudi juu. Goti lielekee kidole cha pili cha mguu muda wote. Mara 10, mizunguko 3. Kisha lala ubavu, inua mguu wa juu ukiwa umenyooka na umerudi nyuma kidogo, mara 15, mizunguko 3. Siku tatu kwa wiki ukiwa nyumbani kati ya safari na safari, kwa wiki 8 hadi 12. Ukiwa mlimani pumzisha mazoezi, mlima unatosha.

Njiani, fupisha hatua, goti libaki limepinda kidogo unapokanyaga, usitue kwa kisigino mguu ukiwa umenyooka kama mlingoti. Fimbo mbili husaidia sana, hata za kukata mwituni... ingawa hifadhini hukati kitu, kwa hiyo njoo nazo kutoka nyumbani. Mzigo una kikomo cha kilo 20 na unapimwa getini. Ukiongezewa baada ya mizani, goti ndilo linalolipa. Bandeji ya goti haitibu ila ikikupa ujasiri wa kushuka, ivae.

Goti likianza kuvimba, kunasa au kukutupa, hilo ni jambo jipya. Rudi uchunguzwe.

*Naendesha bodaboda Arusha, miaka 31. Juzi niliteleza karibu na Kilombero, pikipiki ikanilalia mguu. Goti limevimba. Jamaa wamenikanda na maji ya moto na chumvi, naona limezidi. Nipige picha?*

Hapa ndipo eksirei ina kazi. Baada ya kugongwa au kuanguka, picha inahitajika ikiwapo *moja tu* kati ya haya: una miaka 55 au zaidi, pia ya goti inauma ukiibonyeza na mifupa mingine ya goti haiumi, kinundu cha mfupa kilicho upande wa nje wa goti, chini kidogo, kinauma ukikibonyeza, huwezi kulikunja goti hadi nyuzi 90, au hukuweza kupiga hatua nne, pale pale ulipoanguka na pia mbele ya daktari. Kuchechemea kunahesabika kuwa umepiga hatua. Yasipokuwepo yote matano, uwezekano wa kuvunjika mfupa ni mdogo sana na pesa ya picha weka mafuta.

Maji ya moto siku mbili tatu za mwanzo yanaongeza damu palipochanika, ndiyo maana limezidi. Barafu ndani ya kitambaa, dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku, mguu juu ya mto. Usikandwe. Likunje na kulikunjua kadiri linavyokubali, usilifunge kwenye mbao. Kigimbi kikivimba na kuuma, au mguu ukawa wa baridi na ganzi, kimbia hospitali. Na hata picha ikiwa safi rudi baada ya siku 7 hadi 10 uchunguzwe upya, kwa kuwa kano hazionekani kwenye eksirei na goti lililovimba halikubali kushikwa vizuri siku ya kwanza. Kano ya mbele ikiwa imekatika si lazima operesheni; wengi wanarudi kazini kwa mazoezi ya miezi. Goti lililonasa lisilonyooka ndilo la kuwahi kwa daktari wa mifupa.

*Shikamoo daktari. Baba yetu, miaka 63, wa Rombo, alitoka harusini mzima. Alfajiri goti la kulia limevimba, jekundu, hata shuka likigusa anapiga kelele. Wanasema ni gauti. Yuko kwenye dawa ya presha ya kukojoza. Asidi ya yuriki ilipimwa, ni ya kawaida.*

Marahaba. Inawezekana ni gauti kweli, ugonjwa wa asidi ya yuriki kujikusanya kwenye kiungo. Nyama choma, maini, mbege na bia usiku mmoja, juu ya dawa ya kukojoza ambayo huzuia figo kutoa asidi ya yuriki: hiyo ni karamu ya gauti. Na kipimo kuwa cha kawaida siku ya shambulio hakiondoi chochote, asidi hushuka wakati huo. Kirudiwe baada ya wiki mbili.

Lakini goti jekundu la moto linaweza pia kuwa na usaha, na kwa macho huwezi kutofautisha. Baba avutwe maji ya goti leo, kabla ya dawa. Ikithibitika ni gauti, daktari atachagua kati ya kolkisini, prednisoloni au dawa ya familia ya ibuprofeni kwa kuangalia figo, sukari na tumbo lake, na yoyote kati ya hizo hufanya kazi vizuri ikianza ndani ya saa 24. Dawa ya presha asiiache mwenyewe. Aulize kama anaweza kuhamishiwa losatani, dawa nyingine ya presha, ambayo hupunguza asidi ya yuriki kidogo. Mashambulio yakijirudia, kuna alopurinoli, dawa ya kushusha asidi ya yuriki, huanza miligramu 100 na kupandishwa polepole. Hiyo ni dawa ya miaka, si ya kumeza siku goti linapouma.

*Tunaishi Maji ya Chai. Mtoto wangu wa miaka 9 magoti yanagongana akitembea, na yanamuuma jioni. Meno yake ni ya kahawia kama ya wenzake wote. Ni kukosa maziwa?*

Mtoto chini ya miaka 2 kuwa na matege, na wa miaka 3 au 4 magoti kugusana, ni hatua za ukuaji. Miaka 9 na maumivu, hapana. Meno ya kahawia yanakwambia ameyanywa maji yenye floraidi nyingi tangu mdogo, kwa kuwa maji ya miteremko ya Meru hupita kwenye miamba ya volkano. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima kadhaa vya ukanda huo vinapita hapo mara nyingi zaidi. Floraidi ikizidi kwa miaka inaingia kwenye mifupa, na mtoto mwenye upungufu wa kalsiamu hupinda haraka zaidi. Matege ya kukosa vitamini D nayo yanafanana, kwa hiyo apelekwe hospitali ya mkoa apigwe picha ya magoti na kifundo cha mkono, na apimwe kalsiamu, fosfati na alkalini fosfatesi. Kwa maumivu yake, eksirei hii ni ya lazima.

Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanapungua, floraidi inabaki, kwa hiyo inazidi. Kunywa na kupikia kuwe kwa maji ya mvua kutoka bati safi, au yaliyopita kwenye chujio la mkaa wa mifupa. Kituo cha Wizara ya Maji pale Ngurdoto kinashughulika na jambo hilo hilo. Mkaa huo unachoka, ukichoka maji yanapita yalivyo huku familia ikiamini yamechujwa, kwa hiyo uliza unabadilishwa baada ya muda gani. Na magadi ya kulainishia maharage na makande, yaacheni kabisa. Yana floraidi pia. Loweka maharage usiku kucha, yataiva.

*Fundi tailizi, Njiro. Mbele ya goti kuna uvimbe laini kama yai, hauumi sana, goti linakunja vizuri. Nipasue?*

Usipasue, na usikubali mtu autoboe kwa wembe. Ni kifuko cha ute kilicho juu ya pia, nje ya goti, kimechoka kupigiwa magoti sakafuni. Nunua pedi nene za goti, au kata vipande vya godoro la sponji, tabaka mbili, ufunge kwa mpira wa tairi. Fanya kazi ukikaa kwenye kigoda pale inapowezekana, wiki nne hadi sita. Pakiwa pekundu na pa moto, hasa kama umechubuka, nenda kituo cha afya kwa antibayotiki siku hiyo.